Niandikie Mapukutiko

Mount Isa, Queensland
18 Agosti 1968

Dada Saima,

Natumaini goti lako limetulia na mvua haikukuharibia nyasi. Mimi ni mzima. Kikohozi cha vumbi kipo, lakini kila mtu hapa mgodini anacho, kwa hiyo hatukiiti ugonjwa. Mwezi uliopita wamenifanya msimamizi wa zamu, maana yake sasa natukanwa na walio juu yangu na walio chini yangu. Wafini wenzetu wamemaliza kujenga sauna nyuma ya ukumbi wao. Ukitoka humo kwenye mvuke wa moto unakuta nje kuna joto kuliko ndani. Tunacheka, tunaingia tena.

Mke wangu Vieno anakusalimu. Amechoka kidogo siku hizi.

Nina haja moja, na nakuomba usiniulize sababu. Mwaka huu niandikie mapukutiko. Usiniandikie nani kanunua trekta wala mchungaji kahubiri nini. Niandikie majani yanavyogeuka rangi na yanavyoanguka, viazi, ukungu, ziwa, giza linavyorudi. Andika kirefu na andika mara nyingi. Miti ya huku haipukutishi. Ina majani yale yale ya kijivu Januari hadi Desemba, na jua linatoka kila siku kama mtu aliyeajiriwa.

Nduguyo,
Tauno


Ahoniemi, Kainuu, Ufini
15 Septemba 1968

Tauno mdogo wangu,

Barua yako nimeipata. Mimi mzima ila goti, na goti si habari tena. Ng'ombe wamebaki wawili. Eemeli Karppinen wa ng'ambo ya barabara, yule mgane, alikuja na farasi wake kunisaidia kuchimba viazi. Tulifanya kazi siku mbili naye akasema sentensi nne. Mbili zilikuwa za farasi.

Mapukutiko uliyoomba ni haya. Jalidi ya kwanza tuliikuta asubuhi ya tarehe tatu, uwanja mzima mweupe. Majani ya miti ya mbetula yamekuwa ya manjano. Vichaka vya kule kinamasini ni vyekundu. Korongo wameondoka Alhamisi. Taa nawasha saa moja jioni.

Sijui unataka nini zaidi. Ulipoondoka hapa miaka kumi iliyopita ulisimama uani ukasema kwa mdomo wako kwamba umechoka kuzikwa kila Oktoba na kufufuliwa kila Mei. Sasa umefika kwenye jua lako, unataka giza uletewe kwa posta.

Dada yako,
Saima


Mount Isa
6 Oktoba 1968

Dada Saima,

Pole kwa kuchimba viazi na Eemeli. Angalau farasi alipata mazungumzo.

Hapa joto limeanza, nyuzi thelathini na nane jana. Mimi mzima. Zamu zimekuwa ndefu kwa sababu watu wawili wameacha kazi. Vieno anapumzika.

Barua yako ilisomwa mara nne, lakini dada, umeandika kama karani wa tarafa. "Majani yamekuwa ya manjano." Manjano gani? Ya siagi, au ya kitambaa kile cha mama cha Jumapili? Ukifungua mlango wa ghala la viazi linanukaje? Ziwa bado linatoa moshi asubuhi? Na Mustaranta, kule alikozaliwa Vieno, ile miti mitano ya mbetula mbele ya nyumba yao bado ipo? Tunataka kujua kama ipo. Najua ni ng'ambo ya ziwa na goti lako ni bovu. Nisingekuomba bila sababu.

Andika upesi, tafadhali. Usingoje Jumapili.

Tauno


Ahoniemi
20 Oktoba 1968

Tauno mdogo wangu,

Mimi mzima. Ng'ombe wazima. Mvua ya theluji imenyesha mara mbili na ikayeyuka.

Barua yako ilifika Alhamisi, na Ijumaa nilishuka ziwani. Eemeli alikuwa anatoa nyavu zake za dagaa.

"Unakwenda wapi?" akaniuliza.

"Mustaranta."

"Hakuna mtu kule."

"Najua."

Akaitazama mashua yangu. "Basi chukua kopo la kukomba maji," akasema, akanipa la kwake.

Ziwa lilikuwa kimya kabisa na linatoa moshi, ndiyo, bado linatoa moshi. Nilipiga makasia bila kuona ufuko niendako wala nilikotoka. Kwenye matete kulikuwa na barafu nyembamba, mashua ikiipita inalia kama kioo cha taa kinachopasuka.

Miti ni minne. Wa tano umeangukia paa la sauna yao. Ile minne iko wima na haina jani hata moja, yote yako chini. Manjano uliyoniuliza ilikwisha wiki mbili zilizopita, sasa ni rangi ya chai iliyokaa. Kioo kimoja cha dirisha kimevunjika, na majani yameingia ndani ya nyumba mpaka yamefunika sakafu ya chumba kizima, sawasawa, kama mtu kayatandika. Sikuingia. Nilisimama dirishani. Kulinuka udongo, na majivu baridi, na kidogo uyoga. Ghala la viazi nalo linanuka hivyo hivyo, ila ongeza gunia lililolowa. Nilikaa kwenye ngazi yao nikala mkate wangu. Sikusikia kitu isipokuwa tone moja moja kutoka kwenye matawi. Sikumbuki lini mara ya mwisho nimekaa hivyo bila mtu kunidai kitu.

Sasa nisikilize. Umeandika "tunataka". Umeandika barua "ilisomwa". Kwa miaka kumi kila barua yako ilikuwa na mstari mmoja chini, kwa mwandiko mdogo unaoegemea kushoto. "Salamu kwako Saima, natumaini u mzima." Sikuwahi kuujibu, hilo nalijua mwenyewe, lakini niliusoma. Tangu Pasaka haupo.

Nitakuambia kitu ambacho sijamwambia mtu. Mama alipofariki Mei ile, wewe ukiwa huko, nilimzika Jumamosi, na Jumatatu nilikuwa shambani. Kiangazi kizima sikutoa chozi. Ningelia saa ngapi? Jua halizami, nyasi zinangoja, kila anayepita njiani anakuambia siku ni nzuri, na kweli ni nzuri. Nilijiona kama mtu aliyekwenda arusini na nguo za msiba. Silali, sili. Mchungaji akaniambia nimejaliwa moyo wa nguvu. Ikaja Oktoba. Siku moja nilikuwa nafukia shimo la viazi kwa majani, mvua ndogo inanyesha, hakuna anayepita, nikakaa chini palepale nikalia mpaka ng'ombe wakaanza kulia nao, maana saa ya kukamuliwa ilikuwa imepita. Nililia siku tatu. Wanawake wa kijiji wakaja na soksi zao za kufuma, wakakaa jikoni, hawakusema lolote la maana, na hakuna aliyeniambia nijikaze. Siku ya nne nililala usingizi kama watu wengine. Tangu hapo nikiona majani yanaanza kuanguka nafsi yangu inashuka mabega. Dunia yenyewe imeweka mizigo chini, kwa nini mimi nisiweke?

Sasa niambie. Vieno ana nini?

Saima


Mount Isa
3 Novemba 1968

Dada,

Ana saratani ya tumbo. Walimfungua Aprili wakamshona tena. Daktari alisema labda afike Krismasi. Yuko nyumbani, hataki hospitali.

Alinikataza kukuambia. Alisema, "Akijua ataanza kuandika kwa upole, na Saima akijilazimisha upole anakuwa kama maziwa yaliyoganda. Mwache aandike kwa hasira yake ileile. Nataka mapukutiko ya kweli, sitaki ya kuniliwaza." Sasa nimekuambia. Nitamwambia leo kwamba umejua.

Ni nyuzi arobaini na moja. Nimefunga mapazia yote lakini jua linaingia kwenye kila ufa. Majirani ni watu wema. Wanakuja na keki, wanamwambia ajipe moyo, leo siku nzuri. Anawashukuru. Wakiondoka anageukia ukuta. Juzi aliniambia, "Tauno, mtu atakufaje mahali kila kitu kinang'aa hivi? Naona kama nawaharibia watu sherehe." Tangu Aprili hakulia, hata siku ile ya daktari. Nilipomsomea ile ya Mustaranta, ya majani sakafuni, alilia. Nilitaka kuacha kusoma akanipiga mkono. "Endelea." Kisha alilala mchana kutwa, muda wa saa sita, bila dawa. Mimi nilikaa kando nasikiliza pangaboi.

Liko na lingine, na hili hakunituma yeye. Umemchukia miaka kumi kwa kunitoa nyumbani. Si yeye. Ni mimi niliyetaka kuondoka. Yeye alitaka tujenge Mustaranta, karibu na mama yake, karibu na wewe. Nilimwambia nitakwenda peke yangu kama hataki, ndipo akakubali. Kwenye meli alilia kuanzia bandarini mpaka Mfereji wa Suez. Wewe ulipoandika barua ile ya kwanza, "mwanamke wako amekuvuta pua," niliisoma nikaona ni rahisi kuiacha ilivyo. Yeye aliisoma pia. Hakunilazimisha niisahihishe. Angenilazimisha ingekuwa nafuu.

Tauno


Ahoniemi
13 Novemba 1968

Wifi yangu Vieno,

Tauno akusomee barua hii polepole bila kuruka neno. Yeye nitamsema siku nyingine, nina mengi na nitayapanga vizuri. Barua hii si yake.

Mimi ni mzima. Dada yako Helvi aliandika kutoka Uswidi, wajukuu sasa wanne. Ziwa limeganda tangu Jumatatu.

Hili ni neno langu la kwanza kwako tangu mwaka hamsini na nane, kwa hiyo litatoka limekwaruza. Siku mliyoondoka ulikuja uani kuniaga. Mvua ilikuwa inanyesha. Mimi nilikuwa ndani ya banda la ng'ombe. Nilikuona kupitia kidirisha, umeshika kifurushi, shali yako imelowa. Ng'ombe nilikuwa nimeshamaliza kuwakamua. Nilikaa juu ya kigoda nikashika ndoo tupu, ili ukiingia unikute na kazi. Hukuingia. Ulisimama muda mrefu kuliko mtu anavyosimama mvuani, kisha ukaweka kifurushi juu ya kisima ukaondoka. Zilikuwa glavu za sufu za kijivu zenye mstari mwekundu. Nilizitia sandukuni bila kuzijaribu. Nimezivaa jana. Zinanikaa sawasawa, kwa hiyo ulikuwa umeitazama mikono yangu vizuri, na mimi sikukutazama wewe.

Ninaomba radhi. Siwezi kuiandika kwa urefu, mkono unakataa, lakini iko yote.

Sasa mapukutiko. Umesema hutaki ya kukuliwaza, nami sina ya namna hiyo. Yalianza na harufu kabla ya rangi. Mwisho wa Agosti nilitoka asubuhi na hewa ilikuwa imebadilika, kama nyumba ambayo wageni wameondoka. Halafu ile siku unayoijua, siku ya majani. Mwaka huu ilikuwa tarehe ishirini na tano Septemba. Jalidi kali ya alfajiri, hakuna upepo hata wa kuzima njiti. Jua lilipofika kwenye vilele, mbetula zikaanza kuachia zenyewe. Hakuna aliyezitikisa. Jani moja, kisha ishirini, kisha yote pamoja, yananyooka chini, yanatoa sauti kama mvua ndogo juu ya paa. Saa nzima. Eemeli alisimamisha farasi barabarani akavua kofia, sijui kwa nini, nadhani hata yeye hajui. Ilipokwisha nikaona ziwa kutoka mlangoni kwangu, lote, mpaka ufuko wa kwenu. Kiangazi halionekani, majani yanaziba.

Wifi, mimi nimeogopa mambo mengi, lakini ile siku siiogopi. Miti haikuonekana kama inayoibiwa. Ilionekana kama watu waliovua viatu.

Lala ukichoka. Nitaandika tena Jumatano, na kila Jumatano.

Wifi yako,
Saima


Mount Isa
8 Desemba 1968

Dada,

Vieno alifariki Jumapili iliyopita, tarehe mosi, saa nne asubuhi. Tulimzika Jumanne, huku hawangoji. Walikuwa Wafini kumi na wanane na majirani wawili. Mchungaji alitoka Brisbane kwa ndege.

Barua yako ilifika tarehe ishirini na tano. Nilimsomea siku hiyo mara mbili na siku mbili baadaye mara moja tena. Mara ile ya kwanza, nilipofika kwenye banda la ng'ombe, alianza kucheka. Kucheka kunamuuma, kwa hiyo alishika tumbo akawa anacheka bila sauti. Akasema, "Mwambie nilimwona. Kichwa chake kilikuwa kinaonekana dirishani wakati wote, na kitambaa chake cheupe. Nilisimama kule mvuani nikasema, tuone nani atachoka kwanza."

Nikamwuliza mbona hakuingia. Akasema, "Kwa sababu na mimi nilikuwa na kichwa kigumu. Mwambie hilo pia."

Mara ya mwisho alitaka kipande cha majani tu. Nilikisoma nikadhani amelala. Akasema amefumba macho, "Viatu."

Barua yako ya Jumatano imefika jana. Nimeiweka. Sijaifungua.

Mimi mzima. Narudi kazini kesho.

Tauno


Ahoniemi
12 Januari 1969

Mdogo wangu,

Nimewaambia kanisani, walimpigia kengele. Nilisimama mbele, mahali pa ndugu. Nyuzi thelathini na mbili chini ya sifuri.

Andika. Hata mstari mmoja. Hasira yangu nimeiahirisha.

Saima


Ahoniemi
4 Mei 1969

Tauno mdogo wangu,

Mimi mzima, theluji inaisha, ng'ombe mmoja amezaa. Hii ni barua ya tano bila jibu. Mke wa Kankkunen anayeishi mtaa wenu amemwandikia dada yake hapa, na dada yake ameniambia dukani mbele ya watu. Kwamba unafanya zamu mbili kila siku. Kwamba hujaondoa hata kikombe cha Vieno mezani. Kwamba ukiulizwa habari unasema nzuri, na hujaonekana kulia hata siku ya mazishi, na watu wanakusifu.

Wasikusifu. Nilisifiwa hivyo hivyo mimi.

Njoo nyumbani. Lakini usije sasa, na usije kiangazi. Ukija Juni watakukalisha jua lisilozama, watakuimbia, watakupeleka kwenye moto wa sikukuu ufukoni, na utasema habari nzuri mpaka ukauke. Njoo Septemba. Kuna viazi, kuna nyavu, kuna mashua ya kupindua na kuni za kuingiza. Mtu akiinamia viazi hakuna anayemtazama uso. Giza litakuwa linaongezeka kila siku kidogo kidogo, kama mtu anayekufunika blanketi bila kukuamsha. Sitakuuliza kitu. Eemeli ndiyo kabisa.

Saima


Mount Isa
27 Julai 1969

Dada,

Nimekata tiketi. Nafika kwa basi la tarehe sita Septemba. Usiwaambie watu.

Tauno


Mount Isa
26 Oktoba 1969

Dada Saima,

Nimefika salama. Nyumba imejaa vumbi, nimeifagia. Vikombe nimeviosha vyote nikavipanga. Kaburi lilikuwa limeota majani makavu yenye miiba, nimeyang'oa. Mke wa Kankkunen ananiambia nimenenepa. Asante kwa viazi.

Nilishindwa kukuambia haya tukiwa pamoja. Nilikuja nikiwa nimekusudia kubaki. Vyeti vyangu vyote vilikuwa chini ya sanduku, hata cha ubatizo. Nilidhani nikiona nyumbani sitaweza kuondoka tena, na nilitaka iwe hivyo. Wiki ya kwanza nililala tu, unakumbuka. Halafu siku ile niliyokwenda Mustaranta peke yangu nilikaa ndani, sakafuni, kwenye yale majani, tangu asubuhi mpaka jua lilipoanza kushuka. Nilimlilia, na nilimwomba radhi kwa sauti, kwa jina lake. Huku nisingeweza. Huku mtu akisikia angekuja na keki.

Nilipokuwa narudi nakomba maji ndani ya mashua nikajikuta nina njaa. Nikajua pia kwamba nitarudi kwake. Nilimleta hapa bila kutaka kwake. Siwezi kumwacha peke yake kwenye joto hili halafu nikakae mimi kwenye mapukutiko aliyoyatamani.

Najua ulitarajia ningebaki. Hukusema, lakini ulikuwa umepaka rangi chumba changu.

Tauno


Ahoniemi
9 Novemba 1969

Mdogo wangu Tauno,

Barua imefika jana. Mimi mzima. Barafu imeshika ufukoni, katikati bado maji meusi. Eemeli anahamia Uswidi kwa binti yake mwisho wa mwezi. Alikuja kuniaga mapema, asije akasahau. Alikaa jikoni saa mbili. Akasema, "Farasi nimempa Heikura." Kisha akasema, "Nawe utabaki hapa." Nikasema ndiyo. Basi baada ya hapo itakuwa moshi wangu tu upande huu wa ziwa.

Chumba nilikipaka rangi kwa sababu kilikuwa kinabanduka. Hapana. Nilikipaka kwa sababu ulikuwa unakuja.

Siku ile ya Mustaranta ulirudi macho yamevimba kama mtu aliyeumwa na nyuki. Nilikupa kahawa nikakuambia yule ng'ombe mwekundu anaanza kukauka maziwa. Ulinijibu kwa kirefu kuhusu ng'ombe. Ukala sahani tatu. Nilikwenda ghalani nikasimama kwenye giza la viazi nikashukuru, na palepale nikajua umeshaondoka. Mtu aliyebeba mzigo mzito hukaa popote anapoangushwa. Mtu aliyeutua anaweza kutembea. Nilikuita uje uutue, sasa nitamlaumu nani? Kwa hiyo hasira niliyokuahirishia nimeifuta. Imebaki moja ndogo, ya kuacha buti zako zenye matope kwenye mlango wangu, na hiyo nitakaa nayo.

Lakini siwezi kulala vizuri kwa sababu ya jambo lingine. Pale kituoni, mguu mmoja ukiwa ndani ya basi, ulinigeukia ukaniuliza, "Dada, utaweza peke yako?" Nikakuambia, "Panda, dereva anangoja." Ukapanda. Hilo halikuwa jibu.

Jibu ni hapana. Siwezi.

Kiangazi naweza, kwa sababu kiangazi kila mtu lazima aweze. Ikifika sasa hivi, majani yamekwisha, Eemeli anafunga masanduku, naketi jikoni saa tisa alasiri na taa imeshawashwa, wala siwezi, na hakuna linaloanguka kwa sababu hiyo. Kilichokuwa cha kuanguka kimeanguka chote, nami nakitazama kupitia dirishani. Nalia kidogo, nakamua, nalala. Ndivyo ninavyoishi hapa, kama ulikuwa hujui.

Usirudi kwa sababu ya barua hii. Kaa na Vieno, ndipo pako. Ila uliuliza swali la kweli na mimi nikakujibu mbele ya dereva wa basi, na nimeona haya tangu siku hiyo. Nilitaka awepo mtu mmoja duniani anayejua.

Dada yako,
Saima